Mama Mkwe Hashuki Garini

Safari yote kutoka Alabama ilikwenda salama, mpaka gari liliposimama mbele ya nyumba waliyokodi mjini Fridley, Minnesota, na Mama Philister akakataa kushuka.

Alikaa kiti cha mbele, blanketi magotini, mkoba kifuani, akiitazama ile nyumba kama mtu anayetazama samaki aliyechacha sokoni. Binti yake Velma, aliyekuwa ameendesha gari, alikwisha kuingia ndani na kuikagua, akatoka amekunja uso. Wanjala, mumewe Velma, aliteremka kutoka lori la kukodi lililobeba vyombo vyao vyote, akasimama kando, mbali na gari, kama impasavyo mkwe.

"Mlango wa Mama uko wapi?" Velma akamwuliza.

"Mlango gani?"

"Baba Fiona, usinichezee. Ulisema Mama atakuwa na mlango wake."

"Nilisema kuna besimenti, vyumba vya chini ya nyumba."

"Ngazi za hiyo besimenti zinaanzia jikoni! Na bafu ni moja. Moja, nyumba nzima!"

Wao ni Wabukusu, na kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja wala hawalali chini ya paa moja. Habari ya kuoga bafu moja haitajwi hata kwa mzaha. Kule Alabama, katika mji wao mdogo wenye taa moja ya barabarani, Mama Philister aliishi kwenye trela nyuma ya nyumba. Akikutana na Wanjala uani, kila mmoja aligeukia upande wake na salamu zikaelekezwa kwenye ua. Majirani walidhani wamekosana. Kumbe waliheshimiana hadi ncha ya kidole.

Kisha kiwanda cha kuku alichofanya kazi Wanjala kikafungwa, naye Velma, ambaye ni muuguzi, akapata kazi hospitalini Saint Louis Park, huku Minnesota. Nyumba aliitafuta Wanjala mwenyewe, kwa simu na picha. Alikuwa amesikia kwamba Wakenya wengi wa Minnesota huwakalisha wazazi wao besimenti, na akaamini kila besimenti ina mlango wake wa nje. Hakuuliza. Nyumba za mji wao kule Alabama zilisimama juu ya matofali, na chini yake walilala mbwa tu.

"Fiona," akamwita binti yake wa miaka tisa, "mwambie kukhu wako kwamba huku chini ni nyumba mbali. Yeye chini, mimi juu."

Kukhu ni nyanya. Msichana akakimbia hadi kwenye dirisha la gari, akarudi mashavu yamemwiva kwa baridi. Kiswahili alikisikia vizuri, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza. Hata hivyo, maneno ya nyanya yake aliyaleta kama yalivyotoka:

"Anasema, 'Paa ni ngapi?'"

Wanjala akainua macho kwenye paa, lile moja tu.

"Anasema pia, 'Mwambie baba yako mimi si gunia la viazi la kuwekwa chini ya nyumba. Jumatatu nipelekwe kwenye basi, nirudi kwangu.'"

"Hana kwake kule!" Velma akapaza sauti ili asikike garini. "Trela tumeiuza!"

Kioo kikashushwa kidogo. "Nitakaa kanisani," sauti ikatoka, na kioo kikapandishwa.

Velma akamgeukia mumewe. Alisema polepole, na hilo ndilo lililomtisha Wanjala. "Sikia. Mama yangu hawezi kukaa Alabama peke yake na pumzi yake ile. Akirudi, narudi naye, na Fiona anakuja nami. Kazi nitaiacha. Wewe utabaki hapa na besimenti yako."

"Mama Fiona, tafadhali."

"Ulikuwa na jambo moja la kuuliza. Moja tu."

Akaenda hadi kwenye gari, akafungua mlango wa dereva, akazima injini na kuchomoa ufunguo. "Baridi itamtoa," akasema, akaingia ndani.

Jua la alasiri lilikuwa kali machoni kama la kwao Bungoma, lakini lilikuwa jua la picha tu, halikuwa na joto hata la kukausha leso. Wanjala akaanza kushusha masanduku. Kila alipopita alitupa jicho garini, kisha akaliondoa haraka. Mama Philister hakutikisika. Yeye na bintiye walikuwa wamefinyangwa kwa udongo mmoja: kila mmoja alingoja mwenzake ashindwe kwanza.

Akampigia simu Mzee Elkanah wa Anoka, mji wa jirani, mtu wa ukoo wake, aliyeishi huku tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Mwiko huo unafunguliwa," mzee akasema. "Unatoa mbuzi, yeye anatoa kuku, wazee wanakaa, mnapeana mikono, kwisha. Mbuzi huku Anoka wapo."

"Basi, Mzee, tufanye sasa hivi. Niweke simu kwa sauti kubwa, uongee naye."

"Kijana, mbuzi hachinjwi kwa simu!"

Wanjala akapiga moyo konde, akasogea hadi nyuma ya gari, akampa mama mkwe kisogo na kuanza kuuambia mlima wa theluji uliokuwa kando ya njia:

"Mama, kosa ni langu. Nilidanganywa na picha. Nakuomba uingie ndani upate joto, mimi nitabaki nje. Mzee wetu yuko, mbuzi atapatikana."

Theluji haikumjibu.

"Mama?"

Vioo vilikuwa vimeganda kwa pumzi yake. Hakuonekana tena ila kivuli cha kitambaa chake cha kichwa.

Akamtuma Fiona. Msichana akabisha kioo, akasikiliza, akarudi amechanganyikiwa.

"Anasema hasikii baridi tena. Anasema kuna joto. Na ameniita Velma."

Wanjala hakuyaona maneno hayo kuwa mabaya. Alikaribia hata kufurahi. Lakini Velma, aliyekuwa ameyasikia kutoka mlangoni na kujua, kama muuguzi, kwamba anayeganda hadi kuhisi joto yuko karibu kufa, alitoka mbio bila koti.

"Mungu wangu! Mungu wangu, nimefanya nini!"

Akafungua mlango wa gari. Mama Philister alikuwa ameachia blanketi likaanguka, na vidole vyake vilihangaika kufungua vifungo vya sweta. Velma akampitisha mikono makwapani na kumvuta. Hatua ya kwanza tu, kiatu chake kikateleza kwenye barafu, akaanguka chini, na mama yake akamlalia juu kama mzigo.

"Mnyanyue!" Velma akalia. "Wanjala, mnyanyue!"

Wanjala alisimama. Mikono yake ilikuwa tayari, lakini miguu ilikuwa imeshikwa na kila alichofundishwa tangu siku alipopeleka mahari. Mwanamume aliyemshika mama mkwe wake husimuliwa hata na watoto wake wasiozaliwa.

"Unangoja nini? Anakufa!"

Akainama. Akaweka mkono mmoja chini ya magoti ya mama mkwe na mwingine mgongoni, akamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, mwepesi kwa namna iliyomtia simanzi. Alitembea kwenye barafu ile miguu ikiwa imetanuka kama ya bata, macho ameyainua angani ili asimtazame usoni, akaingia naye, akamlaza kwenye zulia la sebule tupu na kutoka bila kugeuka.

Huko nje akashusha magodoro na mablanketi, akiyasukumia mlangoni. Baada ya muda Velma akatokea.

"Anatetemeka."

"Ni vibaya?"

"Ni vizuri, mwili unajipasha moto. Angeacha ndipo ningeita ambulensi. Amekunywa chai." Akajifuta macho kwa kiganja. "Anauliza nani alimbeba."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Kutoka ndani sauti dhaifu ikamwita Fiona. "Mwambie baba yako asimame pale mlangoni. Asiingie." Halafu, kabla msichana hajainuka: "Acha. Nitamwambia mwenyewe."

Wanjala akasimama kizingitini, akatazama fremu ya mlango. Alijua mama mkwe naye ameelekea ukutani.

"Baba Fiona. Umenigusa."

"Ndiyo, Mama. Nitatoa kinachotolewa."

"Utatoa. Mbuzi jike, mnono, si kile kitu chembamba walichomletea dada yangu. Na mzee wako awepo, kwa miguu yake."

"Atakuwepo."

"Na mpaka siku hiyo hulali nyumba hii."

"Mama!" Velma akaruka. "Hii ni nyumba yake! Yeye ndiye aliyeikodi!"

"Paa haliulizi nani amelikodi. Mmoja wetu lazima atoke, na miguu yangu leo imekataa." Alipumua, akakohoa. "Mlitaka niingie. Nimeingia."

Velma akafungua kinywa ili ajibu, lakini Wanjala akamzuia kwa kutikisa kichwa. "Nitakaa Anoka kwa Mzee Elkanah," akasema. "Mbuzi nitamtafuta kesho."

"Basi nenda kabla giza halijakukuta njiani. Ule kwanza. Velma, kuna ugali wa jana kwenye lile sanduku la baridi, mpashie moto mumeo."

Wanjala akala amesimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akibadilisha mkono kila ule wa kulia ulipokufa ganzi. Velma alisimama kwa ndani akimshikia sahani.

"Umekasirika?" akamwuliza.

"Jumatatu," akasema Wanjala, akitafuna. "Lile basi la kurudi."

Velma akatazama nyuma yake, kule sebuleni, ambako mama yake alikuwa akimfokea Fiona aache kutembea na soksi zilizolowa.

"Jumatatu naripoti kazini," akasema. "Hatuendi popote."

Wanjala akamrudishia sahani, akapanda lori lililokuwa bado na nusu ya vyombo vyao, akaliondoa polepole kuelekea Anoka.