Maghala Matatu ya Shakani

Katika nchi ya Shakani, mgeni aliamkiwa kwa umbali wa hatua kumi, na chakula cha jirani hakikuliwa mpaka jirani mwenyewe ameonja. Kumwamini mtu kulihesabiwa maradhi. Hasimu wao mkuu alikuwa nchi ya Dhanani, ng'ambo ya mto, ingawa hakuna Mshakani aliye hai aliyepata kudhuriwa na Mdhanani.

Kwa hofu hiyo Sultani Wasiwasi alijenga maghala matatu, na Dhanani, ilivyosemekana, nayo ikajenga yake. Ghala la Kiini lilihifadhi moto uliofungwa ndani ya madini, ambao ukifunguliwa ungeteketeza mji kwa kufumba na kufumbua, kisha ukaacha ardhini sumu isiyoonekana. Ghala la Mvuke lilikuwa na mitungi ya hewa ya kukausha mapafu na kupofusha macho. Katika Ghala la Uele mlifugwa, ndani ya vichupa, tauni na ndui. Waziri Ghiliba, mshika funguo, aliapa kila Ijumaa kwamba yote matatu ni salama kama kifua cha mama.

Yakini binti Thabiti, tabibu wa macho, alisadiki kiapo hicho mpaka mdogo wake, Stahamili, askari wa Ghala la Mvuke, alipopapasa ukuta mchana kweupe akitafuta mlango.

"Dada, ni vumbi tu," alisema. "Tumeambiwa tuseme ni vumbi."

"Nani aliyewaambia?"

Stahamili akaketi, akamwinulia uso. Yakini aliyaosha macho yale mekundu kwa maji safi, akakumbuka kwamba mwezi ule alikuwa amekwisha kutibu askari wengine wanne wa lindo lilo hilo, na wote walilalamikia vumbi. Alikwenda ghalani akaona majani yamekauka kuzunguka ukuta, na chini ya mlango akasikia harufu kali iliyomchoma koo. Akaandika barua kwa Sultani. Jibu lilikuwa pingu.

Barazani, Waziri Ghiliba alimnyooshea kidole. "Mwanamke huyu ni jasusi. Mitungi ni mizima. Kama askari wanaugua, basi wametiwa sumu na Dhanani."

"Mheshimiwa Kadhi," alisema Yakini, "naomba Waziri aulizwe ni lini aliingia ghalani mara ya mwisho."

Kadhi Insafu akauliza. Waziri akakohoa, akasema mambo ya ulinzi hayajadiliwi hadharani.

"Basi baraza litahamia mlangoni pa ghala," alihukumu Kadhi, "na Waziri atatufungulia."

Msafara ukatoka kwa fahari, ngoma mbele na mawaziri nyuma. Kadiri ukuta ulivyokaribia, ngoma zilipungua, na majoho yakaanza kubaki nyuma. Hatua mia tatu kabla ya mlango, Waziri Ghiliba alivua kilemba chake akajiziba pua, akazitupa funguo mchangani.

"Siingii!" alilia. "Mitungi inavuja tangu masika!"

Sultani Wasiwasi, aliyekuwa katika msafara, aliuliza, "Na yale mawili?"

"Sijui, Maulana. Hayo nayaogopa zaidi."

Yakini alifunguliwa siku hiyo hiyo. Macho ya Stahamili hayakufunguka tena. Yakini hakumsamehe mtu yeyote, na Sultani alipompa cheo cha mshika funguo alidai jambo moja tu: maghala yakaguliwe na kuvunjwa, ya Shakani na ya Dhanani pia, kila upande ukiutazama mwenziwe kwa macho yake. Baraza lilinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kuzishika funguo badala yake.

Alivuka mto peke yake. Kwenye lango la Dhanani alizuiwa na mwanamke mwenye kikohozi kikavu, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kama ya Stahamili.

"Umekuja kutupeleleza?" aliuliza mlinzi huyo.

"Ndiyo," alijibu Yakini. "Nawe kesho njoo kwetu, utupeleleze."

Mlinzi alimkagua kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akapekua mkoba wake wa dawa mara mbili, kisha akasogea pembeni, akampisha.