Mwani wa Kivulini

Mama Kicheko alikuwa hamwamini wifi yake hata chembe. Mtu gani huyo anatengeneza mafuta ya kujikinga na jua kutokana na mwani, rafu nzima imejaa makopo, halafu mtoto wa kaka yake mwenyewe anaambiwa asubiri? Tena mtoto mwenye ualbino, kama shangazi yake huyo huyo. Siku nenda siku rudi ni subiri, bado najaribu. Kujaribu gani kusikoisha? Anawauzia watu wa nje, hilo tu.

Halafu yale mashati ya mikono mirefu. Hata ndani ya karakana, jasho likimtiririka, wifi hakunji mikono ng'o. Kama mafuta yake yanafaa, mbona mwenyewe anajifunika gubigubi?

Basi jana, wifi alipotoka kukaza turubai juu ya matangi ya mwani, Mama Kicheko akatia kopo moja mkobani. Leo asubuhi akampaka binti yake kuanzia kipaji cha uso hadi vidole vya miguu, akamwacha aende kwenye michezo ya shule na fulana isiyo na mikono, kama wenzake. Kicheko aliondoka akirukaruka, na mama naye roho kwatu.

Mchana akapita karakanani, akijifanya amekuja kusalimia, kumbe anataka kuona kama wifi ameshtuka. Alimkuta anafungua turubai.

"Wifi, kopo moja silioni," wifi alisema bila kugeuka.

"Labda wateja wako wamelibeba."

"Wateja gani? Sijampa mtu."

Wifi akaketi, akakunja mkono wa shati. Kwenye ngozi yake nyeupe kulikuwa na viraka vya mraba, vingine vimepona vikaacha makovu, kimoja kibichi, chekundu, kimejaa malengelenge.

"Kila nikipika najipaka mimi kwanza, nakaa juani. Hiki ni cha makopo ya rafu ile. Nimejiponza mwenyewe. Niliogopa jua litaua mwani, nikaufunika. Kumbe mwani hautengenezi kinga mpaka upigwe na jua. Haya niliyopika ni mafuta ya kunukia tu."

Siku nyingine aibu ingemuua Mama Kicheko, lakini leo hakuwa na nafasi nayo.

"Wifi," alisema, "nipe shati lako. Kicheko yuko uwanjani."

Wifi alimtazama, akatazama rafu, akaelewa. Alilivua shati pale pale, na wote wawili wakatoka mbio kwenye jua la utosi, yeye mikono wazi.