Kuzungushwa Shamba la Kibamba

Kila asubuhi, tangu nilipofika Kibamba kwa likizo, niliwamwagia bata maji kwenye sufuria kuukuu, kisha nikachuchumaa kuwatazama wakigombania nafasi. Asubuhi ile sufuria haijafika hata nusu, Mjomba Romani akaniita kutoka barazani.

"Editha! Waache hao bata. Vaa viatu, leo nakuzungusha shamba lote."

Niliitua ndoo palepale. Chuo kilipofungwa, Mjomba alinialika mimi peke yangu. Kaka yangu Valerian hakumwita. Nilijiona nimependelewa. Shamba lile kubwa babu aliwaachia wawili, Mjomba na marehemu mama. Upande wa bondeni ulikuwa wa mama, sasa ni wetu mimi na kaka, nami nilikuwa sijawahi kuufika mwisho wake.

Barazani alikuwepo mwanaume nisiyemjua, viatu vyake havina hata chembe ya vumbi.

"Huyu Rogers, rafiki yangu," Mjomba alisema. "Anapenda mashamba."

Tukakata katikati ya mananasi, tukaingia kwenye mikorosho. Mjomba alinichumia bibo, maji yake yakanichirizika mpaka kiwikoni. Akanionyesha mkorosho ambao mama aliupanda akiwa na mimba yangu. Nililishika shina lake, nikaona haya kulia mbele ya mgeni.

Katika kila pembe, penye mkonge wa mpaka, jirani alikuwa amesimama akitungoja. Nikadhani ndiyo ada ya huku shamba. Niliwaamkia, na Mjomba akasema kwa sauti, "Mtoto wa marehemu Margareta huyu. Lile bonde ni lao." Nilikuwa sijawahi kutajwa mbele za watu namna ile. Moyo ulinijaa.

Pembe ya mwisho tulimkuta Bi Zuena, jirani wa upande wa bondeni, jembe mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe ndiyo wewe! Mara hii mmeshachoka kula mihogo ya bure ya bonde hili huko mjini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mjukuu wangu, lakini umeridhia?"

"Nimeridhia nini, bibi?"

"He! Romani, mtoto hujamwambia?" Akanigeukia. "Shamba halizungukwi na majirani wote kwa matembezi. Linazungukwa likinunuliwa, na likiuzwa."

Mjomba akacheka peke yake. "Bi Zuena na utani wako."

"Kwa hiyo sista hana neno?" Rogers akauliza.

"Huyu? Mpole huyu. Hana neno."

Nilimtazama Mjomba usoni. Akaangalia mkonge.

"Mie sijaridhia," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno, Rogers akainama kunisikia. "Umesemaje?"

"Bonde la mama haliuzwi. Na kaka hajui lolote."

Bi Zuena akalichomeka jembe ardhini. "Basi mpaka wangu siushuhudii. Nina magugu yananingoja."

"Braza, si uliniambia familia ishakubaliana?" Rogers alimuuliza Mjomba. Hakungoja jibu, akashika njia ya barabarani.

Tulirudi, Mjomba mbele, mimi nyuma. Nyumba ilipoanza kuonekana nikajikaza.

"Mjomba, kwa nini hukumwita Valerian?"

"Valerian ana mdomo."

Nilingoja aongeze lolote, hata uongo. Akasimama, bila kunigeukia.

"Nilikuita wewe," akasema, "kwa sababu nilijua huwezi kusema hapana."