Sindano Isiyo na Uzi

Mimi ni mtu wa sindano. Nashona kofia za viua tangu usichana wangu, hapa hapa Mkunazini, na kila kitobo kilichozungushiwa uzi katika kofia zangu nimekitoboa kwa mkono wangu wa kulia. Hata hivyo, siku nilipoambiwa bega langu litatibiwa kwa sindano, niliogopa kama mtoto anayepelekwa chanjo. Cheka ukitaka.

Bega lilianza kuuma polepole, na kufika mwezi wa Rajabu mkono ulikuwa haupandi juu ya kiuno. Vidonge nilimeza, mafuta ya karafuu nilichuliwa, chuku niliumikwa. Maumivu yalikaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga. Usiku nikigeukia upande wa kulia naamka nikilia.

Kilichoniliza zaidi ni kofia. Kila Idi mume wangu Haroub huvaa kofia mpya niliyomshonea mimi, na mimi ndiye ninayemvisha, mlangoni, kabla hajaenda kuswali. Kofia ya mwaka huu ilikuwa imelala kwenye kikapu, nakshi imechorwa kwa penseli, haina kiua hata kimoja.

"Usijisumbue, Mize," Haroub akaniambia. "Mwaka huu ntanunua moja Darajani."

Alikusudia wema, najua. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko bega. Mke mwenza huenda ningemvumilia, lakini kichwa kile kuvishwa kazi ya mkono mwengine, hapana. Kesho yake nikajifunga buibui, nikaenda kwa Daktari Khairat.

Khairat namjua tangu anacheza rede kwenye uchochoro wetu. Alikwenda China kusoma, akarudi na sindano zake, na sasa anatibu katika chumba cha ghorofani, nyumba ya zamani yenye dari ya boriti.

"Shikamoo, Bi Mize. Umekula? Sitaki uje hapa na njaa, utapata kizunguzungu."

"Marahaba, mwanangu. Nshakula. Hiyo sindano yako ina dawa gani?"

"Haina dawa. Ni sindano tupu, nyembamba kuliko ya kushonea."

Akapasua pakiti mpya mbele yangu. Kweli, ilikuwa nyembamba kama unywele, ikipinda ukiigusa. Mimi ningeiona kwenye kikapu changu ningeitupa. Akaniuliza kama natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, nikamwambia situmii. Akanilaza chali, kanga nimejifunga kifuani, akaanza kunichoma kwenye mguu wa kulia, chini ya goti, kisha kwenye mkono wa kushoto.

"Khairat! Bega linaloniuma ni la kulia."

"Bega lenyewe leo siligusi, lina hasira. Tunaliita kwa mbali. Utahisi uzito, au ganzi, au joto. Ikiuma sana niambie. Na usijitikise."

Haikuuma. Ilikuwa kama kudonolewa na kifaranga, halafu uzito ukaja, uzito mtamu, ukashuka kidoleni na kupanda kiwikoni. Khairat akavuta pazia, akakaa upande wa pili. Feni likazunguka. Nikazitazama boriti, na boriti zikaanza kusogeleana.

Nikawa nimekaa barazani kwa mama yangu, naye yuko hai, anasuka ukili wa mkeka. Mapajani nina kitambaa cheupe kisicho na mwisho, kimeteremka ngazi, kimepita mitaani, kimefika mpaka Forodhani, na watu wanakikanyaga kwa adabu, wamevua viatu. Nashona. Mkono unakwenda. Kila nikitoboa, kitu kinapita kwenye kitobo: harufu ya mkate wa kumimina, sauti ya mtu anayeitika "Naam!" kutoka dirishani, mvua ya vuli. Nazungushia uzi, kinatulia, natoboa kingine. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na bega. Nilikuwa na furaha, furaha ya kijinga kabisa, ningeweza kukaa pale mpaka nikazeeka mara ya pili.

Uzi ukaisha. Mama hakuinua macho. Akasema neno alilokuwa akiniambia kila siku ya uhai wake: "Sindano haiwekwi chini, mwanangu." Nikaichomeka kifuani, palepale tunapochomeka sote tunaoshona, nikashusha mkono nipumzike.

"Bi Mize. Bi Mize, amka. Tunamaliza."

Khairat akachomoa sindano za mguuni akizihesabu kwa sauti ndogo. Akaja mkononi. Akahesabu tena. Uso ukambadilika.

"Moja haipo. Tafadhali, usijitikise!"

Akatazama shuka, akainama chini ya kitanda, akamulika sakafu kwa tochi ya simu. Mimi nimekauka kama ng'onda, nasoma kila dua ninayoijua, nikiwaza sindano imezama mwilini na sasa inasafiri kwenda moyoni. Kisha Khairat akanyooka na kunitazama kifuani.

Ilikuwa pale, imechomekwa kwenye upindo wa kanga, imelala sawasawa kama alivyonifundisha mama.

"Hii niliichoma mkono wa kushoto," akasema polepole. "Baina ya kidole gumba na cha shahada. Nani kaitoa?"

"Mimi sijui. Nlikuwa nashona."

"Mkono wa kushoto haujichomoi sindano wenyewe, Bi Mize."

Tukatazamana. Halafu wote wawili tukautazama mkono wangu wa kulia, umelala kando yangu kana kwamba haukufanya kitu. Nikauamuru upande juu. Ulipanda ukitetemeka, ukauma, nikadhani utaishia kiunoni kama kawaida. Ulifika kifuani. Nikalia machozi ya wazi, sikuona haya.

Khairat alinikemea kwanza kwa kuchomoa sindano yake, kisha akacheka, kisha akawa daktari tena. "Usinisifu bado. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati, na mara moja haitoshi. Leo jioni huenda likauma zaidi. Utarudi, na mazoezi utafanya."

Jioni liliuma kweli, na mkononi pakatoka alama ya damu kuvilia. Nikarudi. Nikafanya mazoezi yake ya kutambaza vidole ukutani, Haroub akiniuliza natafuta nini. Kazi nikawa naigusa kidogokidogo, viua vichache, kisha napumzika. Ramadhani ikapita kwa kasi ambayo haijapata kutokea.

Asubuhi ya Idi kofia ilikuwa imekamilika duara ya juu tu. Pembeni kote palikuwa na penseli. Kofia ya Darajani ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Nikamwambia Haroub avae hiyo, nami nikajitia kushughulika na kahawa.

Alinifuata mpaka jikoni na kofia yangu mkononi.

"Watu watakucheka," nikamwambia. "Haijesha."

"Ntawaambia mwenyewe bado yumo anashona. Nvishe, nnachelewa."

Tukaenda mlangoni. Tangu bega liugue, nikitaka hata kumweka kola sawa ilibidi ainame, na ilikuwa imeshakuwa mazoea. Akanipa kofia, akainamisha kichwa.

"Inuka, Haroub," nikamwambia. "Simama wima."