Mifuko ya Sketi

“Mama, nishonee mifuko ya sketi.”

“Imetoboka? Si nimeishona juzi tu?”

“Haijatoboka. Izibe kabisa.”

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Binti yake wa miaka minane maneno humtoka kama dawa ya macho, tone kwa tone, ikabidi amkamue. Kumbe darasani kikipotea hata kifutio, yeye ndiye huitwa mbele wa kwanza: mikono juu, mifuko nje. Ni tangu baba yake afungwe kwa wizi wa nyaya. Wenzake wanamwita Selo.

Kesho yake fundi alimkuta mwalimu wa darasa akilamba kidole na kufunua daftari la mahudhurio. Analamba, anafunua.

“Karibu, Mama Selo… aah, samahani, mama.”

“Endelea tu, umeshaanza.”

“Tunamkagua wa kwanza ili wenzake wasimsingizie. Tunamlinda, dada yangu.”

“Umewahi kumkuta na nini?”

Kidole kikarudi ulimini. “Bado. Lakini mtoto wa nyoka…”

“Kikipotea kitu tena, anza na mkoba wako. Ukimgusa mwanangu nitakuja kukukagua mimi, na nitaanzia soksi.”

Alitoka bila kuaga. Kinyaa kilimfuata mpaka nyumbani: kinyaa cha kile kidole chenye mate, na cha mume aliyeiba nyaya akamrithisha mtoto aibu. Barua ya huyo mume, yenye jina la binti juu ya bahasha, ilikuwa na siku ya tisa kwenye mfuko wa aproni yake ya kazi. Hakuifungua, wala hakuitoa. Mwizi atamwandikia nini mtoto?

Jioni alitaka kukata kola, mkasi hauonekani.

“Mkasi wangu uko wapi?” alifoka, na macho yake, bila kutumwa, yakamwendea binti moja kwa moja.

Binti aliweka kalamu chini. Akasimama, akavuta mifuko nje ikaning’inia kama ndimi mbili, akageukia ukuta, mikono juu.

Mkasi ulikuwa chini ya kitambaa, pale pale fundi alipoegemeza kiwiko.

Kinyaa kikampanda upya. Safari hii hakuwa na mwingine wa kumtemea.

“Geuka, mwanangu. Mkasi ninao mwenyewe. Haya, nikague mimi.”

“Wewe, mama!”

“Nikague! Mikono hii hapa juu.”

Binti akacheka, akazamisha mkono kwenye aproni. Chaki. Vifungo vitatu. Kipande cha uzi. Fundi naye alikuwa anacheka, mpaka alipokumbuka, na alikuwa amechelewa. Bahasha ikatoka imekunjamana, ina madoa ya mafuta ya cherehani.

Binti aliisoma juu, midomo ikifuata herufi.

“Hii yangu.”

“Yako.”

“Imekuja lini?”

“Leo siku ya tisa.”

Binti aliigeuza bahasha nyuma na mbele. Mikono ilianza kumuuma fundi.

“Niishushe mikono?”

“Bado,” alisema binti, akarudisha mifuko ya sketi ndani, mmoja, wa pili, apate pa kuitia barua yake.