Mama Ndani ya Jicho la Kulia

Mpiga picha wa hospitali alimpaka muuza makochi jeli ya baridi juu ya kope la kulia, akaweka kifaa kinachopeleka mawimbi ya sauti, akamwambia atazame juu bila kufumbua jicho. Kwenye skrini ulitokea uvimbe, umeng'ang'ania ukuta wa nyuma wa jicho. Ndani yake alikuwa ameketi bibi kizee juu ya ndoo.

"Sasa tazama kushoto."

Kama ni damu iliyovuja tu, huelea jicho likigeuka. Uvimbe hauendi popote. Bibi naye hakwenda popote. Alishika ukuta mpaka jicho likatulia, kisha akakunja miguu ili apimwe vizuri. Milimita tisa.

"Huyu nani?" aliuliza daktari aliyesimama kando ya mashine.

"Mama."

"Yuko hai?"

"Yupo nyumbani, chumba cha nyuma. Siku hizi anajikojolea, na mke wangu hataki wageni wamwone. Tunamfungia kwa usalama wake."

Usalama gani huo wa kufuli kwa nje, yeye ndiye aliyejua.

Daktari alikuwa ameshaona uvimbe wa namna hiyo. Alimweleza kwamba mama akitolewa chumbani akae sebuleni na wenzake wa nyumbani, uvimbe utanywea wenyewe. La sivyo, jicho litaondolewa.

Muuza makochi aliifikiria sebule yake. Alifikiria kitambaa cheupe cha makochi, ambacho hata watoto walikatazwa kukikalia. Mashine ikakoroma, na sauti ya bibi ikasikika.

"Baba, umekula lakini?"

Mpiga picha akapunguza sauti.

"Ling'oeni," alisema muuza makochi. "Ninalo lingine."

Liling'olewa Jumatano. Alirudi dukani na miwani nyeusi, wateja wakamwonea huruma, wakanunua kuliko zamani. Alipopigwa picha tena, jicho la kushoto lilikuwa safi, halina mtu. Daktari alimpa mkono wa hongera.

Jioni hiyo alipita uani, akasimama nje ya chumba cha nyuma.

"Mama, nimepona," alisema bila kufungua.

Ndani, mama yake alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa sauti, akamtaja mwanawe kwa jina la utotoni, akalia kwa furaha, mpaka mke akagonga ukuta kumnyamazisha. Wageni walikuwa wameshakaa sebuleni.