Sura ya Mwisho kwa Noti Tatu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, karani wa fedha katika bandari ya kisiwa alivaa kidole chake cha mpira, akakilamba kwa mazoea, akauliza waliokuwa mbele ya dirisha wanataka pesa zipi. Zilikuwapo za aina mbili. Pesa za wageni zilikuwa ngumu, zenye picha ya jengo, na zilikaa kwenye droo yenye kufuli. Pesa za wenyeji zilikuwa laini kama kitambaa cha kufutia ubao, zenye picha ya ng'ombe, na zilikaa kwenye boksi la viatu.

Waliokuwa dirishani ni mwalimu mstaafu wa hesabu na mkewe, ambaye alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na minane. Hiyo ilikuwa likizo yao ya kwanza tangu wafunge ndoa. Mwalimu alikuwa amekwisha kupiga hesabu melini. Noti moja ya wageni ilikuwa sawa na noti ishirini na nne za wenyeji, na ishirini na nne ni nyingi kuliko moja.

"Za wenyeji," akasema. "Zote."

"Mzee, hizo zitakununulia mkate na tiketi ya basi," karani akasema. "Zaidi ya hapo ni picha za ng'ombe."

"Kijana, nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne."

"Basi pole na kazi," karani akasema, akainua boksi la viatu.

Matroni hakuingilia. Mtu aliyesahihisha wenzake kwa muda wote huo hasahihishiki mbele ya foleni. Mfuko wa pesa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ulikaa kiti chake kwenye basi na kukatiwa tiketi.

Walikuwa wametumwa kitu kimoja tu. Kaka yake Matroni aliwaambia wasirudi bila kumletea biri. Biri za kisiwa hicho, yaani zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, zilisifika kwa mambo matatu: hazina karatasi, hazizimwi na upepo, na huzungumza. Kule kiwandani wasokotaji hukaa kwenye madawati marefu, na mbele yao, juu ya kiti kirefu, hukaa msomaji anayewasomea riwaya tangu asubuhi hadi jioni. Mshahara wake huchangwa na wasokotaji wenyewe. Jani la tumbaku likiwa bado na unyevu hushika maneno, na biri ikiwashwa huyarudia yote yaliyosomwa wakati inasokotwa, kwa sauti ya msomaji yuleyule, pamoja na kupenga kwake kamasi.

Biri ya kawaida hubeba ukurasa mmoja na nusu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Kobe, ambaye mikono yake ilichukua karibu saa nzima kwa biri moja. Uongozi ulikuwa umeshamwandikia barua tatu za onyo ulipogundua kwamba biri zake hubeba sura nzima. Tangu hapo barua zilikoma na bei ikapanda.

Duka la biri lilikuwa mlangoni pa kiwanda. Mwalimu alipanga mafungu ya ng'ombe juu ya kaunta ya kioo. Muuzaji, aliyevaa glovu nyeupe, aliyasukuma nyuma kwa ncha ya penseli.

"Hizi hatuzipokei, mzee."

"Si pesa za hapa?"

"Ni za hapa. Ndiyo maana hatuzipokei."

Mwalimu aliifikiria hoja hiyo, akaikuta haina kosa la hesabu. Mkono mtupu haulambwi, lakini siku hiyo mkono uliojaa nao haukulambwa. Akaanza kurudisha ng'ombe mfukoni.

Nje ya mlango alikuwa amesimama mwanamke mmoja wa makamo mwenye aproni ya kazi, kucha zake zimeiva rangi ya tumbaku. Alikuwa akitazama rafu ya tatu bila kupepesa. Matroni alimtambua mara moja kuwa mtu mwenye shida, kwa sababu alisimama kama wanafunzi wanavyosimama nje ya ofisi ya matroni.

"Sema, mwanangu," akamwambia. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Naomba tu kujua kama mtanunua ile namba ishirini na saba, ya Kobe. Mkiinunua, naomba nikae karibu mkiiwasha."

Akaeleza. Yeye alikuwa msokotaji, na kwa siku arobaini kiwandani walisomewa riwaya ya mjane na punda wake. Mume wa mjane alipotelea vitani, na alikuwa na pacha aliyefanana naye kwa kila kitu isipokuwa tabia. Siku ya arobaini, wakati wa jioni, mlango wa mjane ukabishwa. Msomaji akafunga kitabu hapo, kama wasomaji wanavyofanya. Kesho yake asubuhi binti wa msokotaji alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mama mtu hakwenda kazini. Sura ya mwisho ikasomwa bila yeye, na aliyeisokota nzima ni Kobe, ndani ya namba ishirini na saba.

"Si wenzio wakusimulie?" Mwalimu akauliza.

"Hawawezi, mzee. Kitabu husomwa mara moja kisha huenda kiwanda kingine, na asiyekuwepo hasimuliwi. Hiyo tuliipigia kura wenyewe, mimi nilinyoosha mikono miwili."

Mjukuu alikuwa na siku nane na hana jina. Msokotaji alimwahidi binti yake kwamba mtoto ataitwa jina la yule mjane, ila kwanza ajue mjane alimfungulia nani. "Siwezi kumpa mtoto jina la mtu aliyeingiza shemeji ndani akidhani ni mume," alisema. Na kesho msajili wa vizazi angefunga daftari. Mtoto asiye na jina hupewa na msajili, na mwezi uliopita wote wanne walipewa jina la mama mkwe wake.

"Kwa nini usiinunue mwenyewe?"

"Nalipwa ng'ombe, mzee, kama wewe."

Matroni aliketi kwenye kizingiti, akavua kiatu cha kushoto, kisha soksi. Akatoa noti tatu za wageni, ngumu bado.

"Umezitoa wapi hizo?" Mwalimu akauliza.

"Nilirudi kwa karani ulipokuwa ukiutafutia mfuko kamba. Nimeishi na wasichana mia nne, Mwalimu. Hela haikai pochini."

Bei ya namba ishirini na saba ilikuwa noti tatu kamili.

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu anakohoa mno. Mwaka huu atapumzika."

Walikaa kwenye ngazi za kiwanda, ilikuwa saa ya chakula. Mlinzi akaja na kitabu cha kanuni, akasoma kwamba mwenyeji haruhusiwi kuvuta biri ya dukani. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu. Kusikiliza hakukuandikwa. Akakaa ngazi ya chini kabisa ili kuhakikisha kanuni inafuatwa.

Mwalimu alikuwa na pumu. Kwa hiyo Matroni, ambaye katika miaka ishirini na minane alinyang'anya sigara mia sita na kumi na mbili na kuziandika zote katika daftari, alichukua biri, akaishika kama kipimajoto, akaiwasha. Wasokotaji wengine walitoka na mikate yao, wakakaa nyuma wakijifanya wanaongea.

Biri ilipenga kamasi, ikaanza. Mlango ulibishwa tena. Mjane alisimama ndani na taa mkononi, punda nyuma yake. Aliye nje alisema jina lake, akataja kovu lake la goti, akataja mwaka wa harusi. Hayo yote pacha angeweza kuyajua.

"Usifungue, shoga," msokotaji akanong'ona.

Mjane hakufungua. Aliuliza: "Kama wewe ni mume wangu, punda wetu anaitwaje?"

Hapo Matroni akapaliwa. Alikohoa mpaka miwani ikamtoka. Biri ilinyamaza ikamsubiri, kwa kuwa biri za huko zina adabu, na Mwalimu akampigapiga mgongoni kwa hesabu ya nne nne. Mlinzi aliokota miwani. Hakuna aliyetafuna mkate. Matroni akafuta macho, akavuta tena.

"Hana jina," mtu aliye nje akajibu. "Tulikubaliana hatumpi mpaka aache kupiga mateke. Ameacha?"

"Bado," alisema mjane, akafungua komeo.

Msokotaji alipiga makofi mara moja, akajifunika uso kwa aproni, akacheka hadi wenzake waliojifanya hawasikilizi wakaanza kumpigia vigelegele.

"Nilikwambia huyu hawezi kufa kabla hajaujua mwisho!" mmoja akamwambia Kobe, aliyekaa naye kule nyuma.

"Mngenipa siku mbili," Kobe akasema polepole, "ningewawekea na kitabu kinachofuata."

Msokotaji alikimbilia kwa msajili na aproni yake, akarudi na cheti chenye jina la mjane, wino haujakauka. Akaenda mbele ya Matroni na kumwekea mapajani mshahara wake wa wiki. Matroni akautazama, akautazama na mfuko wa mumewe uliokaa ngazi yake peke yake, akaurudisha ule mshahara kwenye mfuko wa aproni ya msokotaji. "Mnunulie mtoto sabuni," akasema, huku rangi ya uso ikianza kumrudia.

Kengele ikalia. Mchana huo msomaji alifungua riwaya mpya, na msokotaji akainama karibu na majani yake ili yasipoteze neno. Alisokota biri thelathini na moja. Zilipelekwa dukani, na kabla jua halijazama mgeni mmoja aliwasha ya kwanza kwenye baraza la hoteli, akiwa anazungumza na mwenzake. Baada ya sentensi mbili alimwita mhudumu, akamwomba aipunguze sauti.

Mhudumu alisema hilo haliwezekani, lakini angeweza kuisogeza mbali. Akaiweka kwenye kisahani, akaibeba kwa mikono miwili, ikiendelea kusoma, hadi jikoni. Wapishi watano wakapunguza moto na kuvuta viti.